Jora la Kijani

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Hata leo simu ikiita kabla sijanywa chai, naigeuza kifudifudi kabla sijaangalia anayepiga ni nani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwaje, mshahara sikumbuki. Nakumbuka jora la lesi ya kijani, na mimi nimesimama mbele yake na mkasi wa kuazima.

Lilikuwa duka la vitambaa Kariakoo, katika ile mitaa ambayo majora yanasimamishwa nje mpaka mpita njia anakosa pa kuweka mguu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo wa Kiarabu, mzaliwa wa hapahapa mjini, sauti ya upole lakini macho hayana mchezo. Alinichukua kwa majaribio. Majaribio ya mpaka lini hakusema, na mimi nikaogopa kuuliza. Wauzaji wenzangu kila mmoja alikuwa na mkasi wake, umefungwa utepe ili usichanganywe. Mimi niliazima wa yeyote aliyekwenda kula. Bosi akinitaja kwa wateja alisema, "Subirini, huyu wa majaribio atawahudumia."

Shida ilikuwa mama yangu. Tulipanga chumba Buguruni, na siku niliyorudi kumwambia nimepata majaribio, yeye alisikia "nimepata" tu. Jua halijazama, nyumba nzima ya wapangaji inanipa hongera. Mpangaji wa chumba cha mbele akaanza kuniita mama maduka. Sasa nikifukuzwa, uso wangu nauweka wapi? Nilikuwa nalala na swali hilo na kuamka nalo.

Duka lile lilikuwa linaishi kwa sare za harusi. Nani asiyezijua harusi zetu? Upande wa bibi harusi wanachagua kitambaa chao, upande wa bwana harusi wanachagua chao, na kila upande unaficha rangi mpaka siku yenyewe, maana wote wanataka waingie ukumbini watu wageuze shingo. Siku ya kwanza tu bosi alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, kupima utajifunza, kukunja utajifunza. Lakini sare ya mtu ni siri yake. Usiitoe kwa mteja mwingine, hata akulilie. Ukiitoa, hapa huna kazi." Nikaitikia, na tangu hapo nikawa naogopa hata kutaja rangi mbele ya watu.

Haukupita muda akaja bibi harusi mwenyewe na shangazi yake. Shangazi mtu wa maneno mengi, binti mtu wa kucheka chinichini. Waligeuza duka juu chini, mpaka nilipowashushia lesi ya kijani, kijani cha jani la mgomba likiwa bado changa. Yule binti akaiweka shavuni, akafumba macho. "Hii hii, shangazi," akasema. Wakanunua ya ukoo mzima, na shangazi akaniachia namba yake ya simu, iwapo kuna ndugu wataongezeka. Nilifurahi siku ile. Nikajiambia, labda kweli nitaweza.

Siku chache baadaye bosi alikwenda bandarini kufuatilia mzigo wake, akaniacha mbele. Akaingia mama mmoja mnene, amevaa baibui zuri, anajipepea kwa mtandio. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Namuozesha mwanangu wa kiume. Nataka sare ya kuwanyamazisha watu." Kabla sijajibu akatoa simu. "Mkwe wangu huyu hapa. Mtazame kwanza, unitafutie rangi itakayopendeza tukisimama naye."

Nikamtazama. Alikuwa yule binti.

Nikashusha zambarau, nikashusha maji ya kunde, nikashusha hata vitambaa ambavyo havijawahi kumpendeza mtu. Macho yake yakapita juu ya vyote yakaenda kutua kwenye rafu. "Na lile la kijani?"

Jamani, nifanye nini? Nikisema "upande wa pili wamelichukua," nimetoa siri, kazi sina. Nikiuza, harusi inaharibika, nayo ikiharibika watasema ni duka letu, kazi sina vilevile. Nikasema lililokuja mdomoni. "Lile lina doa, mama."

"Doa gani?" Sauti ilitoka mlangoni. Bosi alikuwa amerudi, vumbi la malori ya bandarini bado liko kwenye viatu. "Huo mzigo mpya, hata jua haujaliona." Akalivuta jora mwenyewe, akalifungua mezani, lesi ikamwagika mpaka ukingoni. Mama mkwe akapiga kofi dogo la furaha. Bosi akanisogezea mkasi. "Kata."

Nikamwomba tuongee nyuma kidogo. Hapo niliharibu zaidi, maana dukani ukimwita bosi pembeni mbele ya mteja, mteja anaona anapikiwa njama. Yule mama akakunja mikono. Bosi akaniambia, "Sema hapahapa." Na hapohapo ndipo nisipoweza kusema. Nikaweka mkasi chini. "Mama, nisamehe. Hili siwezi kulikata."

Bosi akaanza kulikunja jora taratibu. "Nisamehe, dada," akamwambia mteja. "Huyu wa majaribio ameshinda nalo tangu asubuhi, labda kaona nisichokiona mimi. Nikuonyeshe jingine?" Mama mkwe akasonya, akachukua pochi yake akatoka. Sare ya ukoo mzima ikaondoka naye.

Nyuma ya duka nikamweleza bosi kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Ahaa," akaenda kutawadha. Basi. Hakusema nimefanya vizuri, hakusema kesho usije. Ningependa hata anifokee nijue moja. Tangu siku ile nikawa nafika kabla duka halijafunguliwa, nasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Bosi akikohoa, nashtuka. Jioni narudi Buguruni nikipanga maneno ya kumwambia mama siku nitakayofukuzwa, na kila nikiyapanga yananivurugika.

Harusi ikapita. Wiki iliyofuata akaingia shangazi wa bibi harusi. Salamu hakuitoa. Aliweka simu juu ya meza, mbele ya bosi. Kwenye picha ukumbi mzima ulikuwa wa kijani, kushoto kijani, kulia kijani, lesi ileile, huwezi kujua nani kaoa na nani kaolewa. "Mmetuuza," akasema. "Watu wametucheka. Binti alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, siku ya harusi yake."

Mimi tayari nilikuwa natafuta mkoba wangu kwa macho.

Bosi akaitazama ile picha, akairudisha. "Haikutoka hapa, dada. Walikuja, ni kweli. Mfanyakazi wangu huyu alikataa kuikata, mbele yangu, mpaka nikamwona ana wazimu. Wamekwenda kununua mlango mwingine. Lesi hii iko mtaa mzima."

Mfanyakazi wangu. Nililisikia vizuri. Ndilo neno nililokuwa nalisubiri siku zote zile, na likaja hivihivi, katikati ya ugomvi. Furaha ilinipanda. Ikaishia hapo, kwa sababu shangazi alinigeukia. Hasira zilikuwa zimemtoka, amebaki na uchovu.

"Kumbe ulijua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na namba yangu nilikuachia wewe." Alisema polepole, kama anajisemea. "Ungenipigia tu, mwanangu. Tungebadilisha rangi."

Bosi ndiye aliyejibu. "Sisi hatutoi ya mteja, dada." Lakini alisema huku anapangusa meza isiyo na kitu, na hakumtazama usoni.

Jioni ile bosi alifungua droo akanipa mkasi mpya, umefungwa utepe mwekundu. Nikaupokea kwa mikono miwili. Nyumbani mama aliuweka juu ya meza, akafungua pazia la mlango ili wapangaji wauone. Akaniuliza mbona sina raha, si ndiyo kazi yenyewe nimeipata? Nikamwambia nimechoka tu. Lakini nilikuwa namwona yule binti, ameweka lesi shavuni, amefumba macho, na mimi nimesimama mbele yake na simu yangu mfukoni.