Kufuli Mpya ya Choo

Mwanamke aliyekuwa na ploti tuliyopanga kule mtaa wa Huruma sikumpenda, na sitaanza leo. Vyumba kumi na vinne, bomba moja, choo kimoja. Bomba alilifunga kwa kufuli, akalifungua asubuhi na jioni tu, akisimama hapo mikono kiunoni kama askari jela. Hilo tulilizoea, kwa sababu angalau choo kilikuwa wazi.

Kisha mamangu akaja kutoka nyumbani kutibiwa. Alikuwa ameharisha wiki nzima, amekonda hadi pete inamvuka kidoleni. Siku ya tatu nikakuta kufuli kwenye mlango wa choo. Wapangaji wote walikuwa wamepewa ufunguo, isipokuwa mimi.

"Choo ni ya wapangaji," mwenye ploti akaniambia. "Huyo mgonjwa wako si mpangaji. Atatuambukiza sisi wote."

"Ni mamangu. Aende wapi?"

"Kwani kwenu hakuna vichaka?"

Mama alikuwa ameketi mlangoni, akayasikia yote. Tangu saa hiyo akaanza kukataa maji ili asihitaji choo. Nilimwekea ndoo yenye kifuniko, na kila asubuhi niliibeba hadi choo cha soko kabla ya kwenda kazini.

Nilikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini. Wiki hiyo kulikuwa na semina kuhusu maji. Nikipanga chupa mezani, mbili kwa kila mgeni, nilimsikia msemaji akieleza kwamba mataifa yalishakubaliana: maji safi na choo ni haki ya kila binadamu, na hata katiba yetu imesema hivyo. Wakampigia makofi. Wakati wa chai nikamwuliza, "Mtu akifungiwa choo na mwenye nyumba, anashtaki wapi?"

"Hayo ni mambo ya sera, dada," akasema, akinisogezea kikombe. "Niongezee maziwa."

Nikamwongezea. Nilitamani kuyamwaga kwenye karatasi zake.

Jioni nilimkuta Mama amelala chini, midomo imekauka, hanijibu vizuri. Jirani yetu wa ploti ya pili, mke wa fundi wa mabati, alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko. Nikamwomba nyundo ya mumewe. Akanipa bila kuuliza.

Niligonga ile kufuli mara tatu ikakatika. Mwenye ploti akaja mbio.

"Unavunja mali yangu?"

"Choo ni haki yake. Imeandikwa."

Akacheka. "Basi hao walioandika waje wamchimbie."

Mimi na jirani tulimshika Mama huku na huku, tukamwingiza, nikasimama mlangoni na nyundo mkononi mpaka alipomaliza. Wapangaji walitazama kutoka madirishani. Wenye funguo mfukoni hawakufungua mdomo, na mpaka leo nawawekea kinyongo.

Usiku huohuo alilazwa, akatundikiwa maji siku nne. Alipona. Tulipotoka hospitalini tukakuta vitu vyetu uani, godoro limenyeshewa. Ni yule mke wa fundi peke yake aliyetusaidia kubeba.

Mwezi uliopita nilikutana na mwenye ploti sokoni. Akatabasamu. "Mama anaendeleaje?"

Nilimtazama mpaka akainamisha macho, nikaendelea kuchagua nyanya zangu.