Matundu Yenye Meno

Juzi nilipita nyuma ya karakana moja hapa Sekei, nikapokelewa na harufu ya plastiki inayoungua. Mwenzangu aliziba pua kwa mtandio na kuongeza mwendo. Mimi nilisimama. Najua si harufu ya kusifia, na moshi wake haumfai mtu kifuani, lakini ilinirudisha moja kwa moja kwenye Jumamosi moja ya zamani, tulipokuwa tunakaa Moshono, mimi nikiwa na miaka kumi na sungura wawili walioitwa Chapati na Maharage.

Sungura hao nilipewa na bibi yangu aliyekuwa akiishi juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama mzazi kufariki, nikiwa mdogo kiasi kwamba hata sura yake siikumbuki vizuri. Baba alipooa tena alikuja kunichukua nikakae naye mjini. Siku ya kuondoka, bibi aliwatia sungura kwenye kikapu akaniambia, "Ukikosa wa kuongea naye, ongea na hawa."

Na kweli niliongea nao. Mke mpya wa baba aliitwa Ndeshi, mwenyeji wa Usa River, mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana vilivyokomaa kwa miaka aliyofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, baada ya kula nikasema asante, basi, mazungumzo yetu yaliishia hapo. Mbele ya watu nilimwita Anti. Tukiwa wawili sikumwita jina lolote. Nilikohoa mpaka ageuke. Nadhani alidhani nina kifua kibovu.

Sungura walilala jikoni ndani ya boksi, nao walilitafuna upande mmoja wakawa wanazurura watakavyo. Siku Maharage alipokojoa ndani ya kiatu cha baba cha kanisani, baba alitoa hukumu. "Jumamosi jioni wakiwa hawana nyumba yao, wanarudi kwa bibi." Nilijua maana yake. Kwa bibi walikuwepo binamu zangu watatu, na wote walipenda supu.

Nilianza ujenzi Jumamosi hiyo hiyo, jua limeshapanda. Nyuma ya nyumba palikuwa na madumu matupu ya mafuta ya kula. Nilichukua moja, nikaweka msumari na kugonga kwa jiwe ili nipate tundu la hewa. Dumu likapasuka, kraa, kutoka shingoni hadi kwenye kitako. Nikachukua la pili. Safari hii nilipasha kisu kwenye jiko la mkaa, nikakata mlango ubavuni, kisha nikatoboa kuta zote. Matundu yalipatikana, ila yalikuwa ya kila umbo isipokuwa duara, na kingo zake zilipopoa zilikakamaa zikawa na ncha. Sikujali. Nilimwingiza Chapati, naye, kama ilivyo desturi ya sungura, alikwenda kuchomeka pua pasipomhusu. Alipoitoa ilikuwa na tone la damu, jekundu kabisa kwenye manyoya meupe.

Nilimkumbatia, nikaegemea ukuta, nikalia kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.

Ndeshi alikuwa anaanika nguo. Alikuja, wala hakusema pole. Alichuchumaa mbele ya dumu, akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa tundu moja, halafu la pili.

"Matundu yako yana meno," alisema.

Nilitaka kukasirika, lakini ilikuwa kweli.

Alimfuta Chapati pua kwa maji ya chumvi, akaingia ndani. Nikamsikia akiburuta kitu chumbani. Alitoka amekumbatia sanduku kubwa la plastiki lenye mfuniko, la bluu, lile alilokuja nalo siku ya kwanza. Lilikuwa tupu.

"Na nguo zako?" nilimuuliza.

"Nguo haziumwi na baridi. Lete lile dumu lililopasuka. Tutajifunzia kwenye marehemu."

Nilicheka, kamasi bado zinanitoka.

Alitafuta kipande cha bomba la chuma chenye upana wa kidole gumba, akakizika kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, kisha akanishikisha kwa koleo, mkono wake ukiwa juu ya wangu. "Kaa upande upepo unakotoka, moshi usikufuate. Haya, kiweke wima." Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, tundu likaenda upande kama mdomo wa mtu anayenuna.

"Usisukume. Moto ndio wenye kazi. Wewe shikilia tu, bomba lisiyumbe, wala usilizungushe."

Marehemu alipata matundu mengi kabla sijaelewa. Kisha, mara moja, nilishikilia tu. Plastiki ilichemka kidogo, bomba likazama lenyewe, na kiduara kikadondoka kama kifungo cha koti. Niliruka nusura nimwage jiko.

Lakini Ndeshi hakuwa mtu wa kusifu haraka. Alivua kitambaa chake cha kichwani, kile chepesi cha kutokea, akakipenyeza tunduni na kukivuta. Kilinasa. "Bado," alisema. Alinionyesha kukwangua ukingo kwa wembe, halafu kuulainisha kwa mgongo wa kijiko cha moto. "Kitambaa kikipita bila kunasa, na pua itapita." Tulifanya hivyo kwa kila tundu la sanduku lile. Kitambaa kilikuwa kinanuka moshi, lakini hakikutoka hata uzi mmoja.

Baba aliporudi jioni aliwakuta wapangaji wameshahamia, wanatafuna majani ya kabichi. Alizunguka sanduku, akapitisha kidole kwenye matundu kama mkaguzi.

"Fundi nani?"

"Mama na mimi," nilijibu.

Nilipogeuka nilimwona Ndeshi ametupa mgongo, anasonga ugali kwa bidii sana. Sufuria ilikuwa na maji matupu. Unga ulikuwa bado kwenye mfuko.

Wakati ule niliona sanduku tu. Niliona pia nguo zake zikikaa kwenye kiroba cha mchele hadi karibu na Krismasi, na sikujiuliza chochote. Ni siku nilipofungasha vyangu kuja kuanza maisha hapa Sekei ndipo nilipoelewa. Nilijikuta nachagua sanduku kwa uangalifu, zuri, la kubebeka, kwa sababu mtu anayeingia nyumba mpya hutaka, hata kama hasemi, kitu cha kumrudisha alikotoka mambo yakigoma. Ndeshi alikuwa na kimoja tu cha namna hiyo, akampa mtoto asiyemwita jina akitoboe.

Nilimweleza hayo mwaka jana, tukimenya ndizi barazani kwake. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Wewe umesoma kupita kiasi, mwanangu. Mfuniko wa lile sanduku ulikuwa umeshaharibika, haufungi."

Sikubishana naye. Lakini mfuniko ule niliufunga mimi mwenyewe, kila jioni, kwa miaka minne, na hakuna siku ulipokataa.