Nafasi ya Kichwa

Miaka ya ruksa ilipofika Bariadi na biashara ikafunguliwa, jambo la kwanza tulilopata ruksa ya kulifanya ni kuabudu chupa tupu. Maduka yalijaa jamu kutoka Mwanza. Aliyemudu kununua chupa moja alikula kilichomo kwa wiki, kisha akaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, mfuniko wake wa rangi ya dhahabu ukitazama mlangoni ili wageni wauone. Nililelewa na watu waliotunza takataka kabatini na kuacha sahani nzuri zishikwe na moshi jikoni. Bado sijawasamehe.

Mama yangu angalau alitaka kuzitumia. Mwaka huo nyanya zetu za bondeni zilizaa mpaka ng'ombe wakazisusa. Wakwe wa dada yangu mkubwa walikuwa waje miezi miwili baadaye, katikati ya kiangazi, wakati nyanya huonekana ndotoni tu. Mama akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba wakwe watakula wali kwa mchuzi wa nyanya. Neno likishatamkwa mbele ya ukoo wa baba yangu halirudi. Akaomba chupa kila nyumba, akapata ishirini.

Bwana shamba alikuja na pikipiki na karatasi ya Kiingereza. Akasimama uani kwetu mbele ya akina mama, akasoma, akatafsiri kama mtu anayetema maganda ya miwa.

"Mkijaza, acheni nafasi ya kichwa."

"Kichwa cha nani?" akauliza jirani yetu.

"Nafasi ya kichwa, mama. Imeandikwa hapa."

"Basi kilete hicho kichwa tukipime, baba, tujue kama kitaingia!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka, wala hakueleza. Alijua kwamba nyanya zikichemka hupanda, kwamba zinahitaji upana wa kidole mtupu chini ya mfuniko, la sivyo hufurika, na mbegu moja tu ikikwama kati ya mpira wa mfuniko na kioo, mfuniko haushiki. Alijua, akatubania elimu yake kama mchoyo anavyobania chumvi. Akasoma mstari wa mwisho: mifuniko ikazwe kwa ncha za vidole tu, hewa ipate pa kutokea, na isiguswe tena baada ya kupoa. Kisha akawasha pikipiki.

Lakini hata angeeleza, sijui kama tungemsikia. Kwetu kipimo kisichofika ukingoni ni tusi. Wanunuzi wapya wa pamba walikuwa wameshatuonyesha kule Kasoli mizani inavyoweza kusema uongo mchana kweupe, na tangu hapo kila mtu alitazama ukingo wa kila chombo kwa jicho la hakimu.

"Nimpe mkwe chupa yenye pengo?" mama alisema. "Aseme nimefundwa na wanunuzi wa pamba?"

Akajaza hadi juu, akashindilia kwa mwiko, akaongeza. Ukingo hakuufuta. Mifuniko mingine ilikuwa imebonyea pembeni, kwa kuwa wenyewe waliifungua kwa kisu. Akaikaza kwa kanga, kwa mikono iliyotwanga tangu usichana, mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Chupa tatu za mwisho nyanya hazikuzitosha, na mikono nayo ilikuwa imechoka. Akazifunga kivivu, akazichemsha pamoja na zingine, akazificha nyuma kwa aibu.

Kesho yake akaja shangazi, dada yake baba, mwanamke aliyegusa kazi ya kila mtu ili ikifanikiwa naye awemo.

"Wifi, hii imelegea." Akaikaza. "Na hii. Wewe huna nguvu siku hizi?" Akapita mstari mzima wa mbele, akibandua kwa kiganja chake hata ile michache iliyokuwa imeshika.

"Ahsante, wifi," mama akajibu.

Wiki ya tatu mifuniko ilivimba kama mashavu ya mtoto anayezuia kicheko. Mmoja ukafyatuka wenyewe, povu likatambaa ukutani. Mama hakuonja, hakunusa mara mbili. Alizibeba chupa kumi na saba, akazimwaga zote chooni, majirani wakitazama. Bwana shamba alipopita akasema, "Si niliwaambia nafasi ya kichwa?"

"Uliniambia maneno," mama akamjibu. "Kitu chenyewe ulikificha."

Zile tatu zilizofichwa mifuniko yake ilikuwa imezama katikati, ukibonyeza haitikisiki. Mama alizitazama kila asubuhi bila kuzigusa, kwa hofu ya mtu mwenye kiapo.

Wakwe wakaja. Mama akafungua chupa ya kwanza, mfuniko ukavuta pumzi, nyanya zikatoka nyekundu kama zilivyoingia. Akazichemsha tena kwa muda mrefu. Mchuzi ulitosha sinia la wakwe peke yake. Sisi wa nyumbani tulipikiwa ugali na mlenda. Mama mkwe wa dada alionja, akafumba macho, akauliza nyanya hizi kiangazi hiki zimetoka wapi.

"Za hapa hapa," shangazi akawahi, akijisogeza karibu na sinia. "Mifuniko nilikaza mimi mwenyewe."

Mama alilivuta bakuli la mchuzi kutoka chini ya mkono wa wifi yake, akalisogeza kwa mgeni, na mahali pake akaweka mlenda.