Njia Aliyoisoma Mama Mkwe kwa Nyayo

Waliokuwepo nitawataja kwanza, ili mtu asije akanikatiza katikati. Nilikuwepo mimi, bibi arusi wa juzi, kazi yangu kuchuma maua ya pareto. Alikuwepo mume wangu, mkamuaji wa ng'ombe wa mzungu. Alikuwepo mama yake mzazi, na huyo ndiye ninayeandika habari zake. Macho yake yalikuwa yameshikwa na utando mweupe. Nyumba ya kulia alikaa mke wa dereva wa trakta, mtu wa upande wa Kakamega. Hatukuwa na undugu naye ila ule wa kuombana chumvi na moto. Kushoto alikaa mke wa mlinzi, mtu wa Kericho, mdomo wake pilipili. Halafu nyapara, aliyekuwa juu yetu sote. Majina yao ninayo yote, hata la mbwa wa nyapara, lakini sitayaandika. Wana wajukuu, na mimi sijawaomba ruhusa.

Ilikuwa huko juu Mau Narok, miaka ya hamsini, tukikaa laini. Laini ni nyumba za udongo za wafanyakazi, zimepangwa mstari mmoja, mlango wa hii kama mlango wa ile. Sheria ya shamba ilikuwa kwamba asiyefanya kazi asikae hapo. Mama mkwe aliachiwa kwa neno la mdomo tu, kwa sababu ng'ombe walimpenda mwanawe. Kwao, kule rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, nyumba yake ilikuwa imeshaanguka na hakubaki mtu wa kumkorogea uji.

Asubuhi sisi tunaenda kazini, yeye anabaki peke yake. Na alijiweza! Anaenda choo, anaenda kwenye pipa la maji, anarudi, anakaa mlangoni kuchambua maharagwe. Mimi nilidhani anaona kidogo.

Siku moja akajikwaa kwenye jiwe la mlangoni, goti likachubuka. Mke wa dereva akasema, "Huyu mama ataanguka avunjike mguu na sisi tunatazama." Basi Jumamosi tulipotoka kazini mapema, wanawake wa laini tukatoka wote. Tuling'oa lile jiwe. Tukang'oa kisiki, tukazoa lundo la jivu, tukafukia mashimo. Kisha tukachanganya udongo na mavi ya ng'ombe tukapaka uwanja wote, toka mlango hadi mlango, ukawa laini kama sahani. Tulijisifu sana. Mama mkwe akatubariki kila mmoja kwa jina lake.

Jumatatu akapotea.

Kwanza aliingia kwa mke wa mlinzi, aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto mgonjwa. Akakaa motoni, akaanza kunigombeza mimi ambaye sikuwepo: "Hiki chungu umekihamisha nani alikwambia?"

"Mama, hapa ni kwangu," mke wa mlinzi akamjibu. "Lakini kama umekuja kuolewa, karibu, kazi ni nyingi."

Wakacheka. Akaelekezwa njia akatoka. Mtoto akalia, mke wa mlinzi akageuka kumbeba, na mama mkwe badala ya kwenda nyumbani akashika upande wa mfereji unaopita nyuma ya laini. Akatumbukia hadi kiunoni, katika maji ya Mau Narok ambayo hata ng'ombe huyanywa akitetemeka.

Akatolewa, na nyapara akasikia. Jioni akaja, akasimama mlangoni bila kuketi. "Akifia hapa, mimi ndiye nitaulizwa. Jumapili ya pili kuanzia leo nataka arudishwe kwao."

Mume wangu hakula usiku huo. Kwao wapi?

Mama mkwe alikuwa kajifunika gunia na blanketi karibu na moto. Akasema polepole, "Wanangu, msinielewe vibaya. Mlifanya kwa mapenzi. Lakini mlifagia macho yangu."

Akaeleza. Lile jiwe lililomchubua ndilo lililomwambia kwamba mlango ni huu. Kisiki kilimwambia ageuke kushoto, kuna choo. Jivu likiwa jororo chini ya mguu, alijua pipa liko mbele na mfereji uko nyuma yake. Kumbe mama huyu alikuwa haoni kitu tangu mwaka uliopita, akatuficha asiwe mzigo.

Na hapa ndipo ninapomvulia kitambaa mke wa dereva. Kwao wanawake wakipaka sakafu huichora kwa vidole udongo ukiwa mbichi. Kesho yake akaja na debe la udongo, akapiga magoti mlangoni petu, akavuta vidole vyote akachora mapinde, moja ndani ya jingine, yenye matuta ya kukanyagika. Akamwita: "Mama, kanyaga. Hapa ni wapi?"

"Ni kwangu."

Kwake akachora mistari iliyonyooka. Kwa mke wa mlinzi akachora miiba ya samaki. "Imemfaa mwenyewe," mama mkwe akasema, na mwenye miiba akacheka kuliko wote. Njia ya choo tukaipanga kokoto. Njia ya pipa tukaijaza jivu tena. Kando ya mfereji wanaume walijenga ukuta wa mawe unaofika magotini. Mvua ilikuwa ikifuta michoro, na kila ilipofuta, mwenye mlango alitoka kuichora upya kabla ya kwenda kuchuma pareto. Hakuna aliyesukumwa.

Jumapili hiyo nyapara akaja, na viatu vyake vya misumari. Laini nzima imetoka nje, inajifanya inachambua mboga. Nyapara akasema, "Mama, naomba maji ya kunywa."

Mama mkwe akasimama. Nilitaka kumshika mkono, mke wa mlinzi akanibana kiwiko. Mama akaenda, unyayo ukipapasa jivu, akachota kikombe, akarudi hadi kwenye mapinde yake. Nyapara naye alikuwa amesogea kando kimyakimya, kumpima.

"Umejificha wapi?" mama akauliza. "Mtu mzima anacheza kibe?"

Laini ikacheka. Nyapara akakohoa, mama akamfikia akampa kikombe. Kisha akasema, "Mwanangu, viatu vyako vinanichimbia njia. Vua."

Na nyapara akavua! Akasimama miguu mitupu juu ya mapinde, akayakanyaga, akatembea hadi kwenye kokoto. "Hii inakwenda wapi?"

"Ifuate tu, pua itakwambia."

Nyapara alicheka hadi akashika ukuta wa nyumba. Akamwambia mume wangu, "Akae. Lakini ule ukuta wa mfereji uongezeni." Wakauongeza siku hiyohiyo, na yeye akabeba mawe.

Mama mkwe aliishi nasi pale hadi mwisho wake, akafia kitandani, mkavu. Sasa mimi ndiye mwenye utando machoni, na mjukuu anataka kuweka vigae vinavyong'aa uwanjani. Nimemwambia aniulize kwanza.

Kama yuko mtu wa laini ile, au mtoto wake, anisahihishe. Mistari na miiba huenda nimeibadilishia milango. Lakini mapinde yalikuwa yetu, hayo nayakumbuka kwa miguu.