Mke wa Tajiri Aliyeita Mara Tatu

Juzi nilikuwa Mushaki, huku kwetu Kivu, nikisubiri lori limalize kupakia kabichi, kijana mmoja akafungulia kwenye simu yake mchezo wa redio wa zamani. Mlango ukalia kwiii, upepo ukavuma, na mimi, mama wa watoto wanne, nikajikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Cheka tu, rafiki yangu. Wewe hukusikiliza michezo ile ukiwa na miaka tisa, katika ukungu wa Kashuga.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, jirani yetu, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, aliweka redio juu ya gunia la chumvi mlangoni pa duka lake. Tulikaa chini tukitafuna mahindi ya kuchoma na kusikiliza vitabu vya kale vya Ulaya vilivyogeuzwa michezo ya kutisha. Waigizaji walikuwa watu wetu, hivyo wafu wa Ulaya walisema Kiswahili cha Kivu. Theluji hatukuijua, mwalimu alituambia ni mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka, basi tukaiogopa nayo. Mawe ya redio, yaani betri, yalipoanza kuchoka, sauti zilizama na kuwa nzito, na hapo hata wakubwa waliacha kutafuna. Nilipenda hofu ile, sikudanganyi. Ilikuwa tamu mradi nimebanwa katikati ya wenzangu.

Bibi yangu, tuliyemwita tate, alikuwa mtu wa msitu wa Walikale, na redio hakuitaka. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Alinifundisha jambo moja: ukungu ukishuka na sauti ikakuita mara moja, usiitike.

“Mufu anaita mara moja tu,” alisema. “Muntu muzima anarudilia.”

Niliishi kwa neno hilo bila shida, mpaka Jumamosi moja.

Siku hiyo mchezo ulihusu tajiri aliyemfungia mkewe nje kwenye theluji hadi akafa. Jioni mke akarudi mlangoni. “Fungula,” akasema. “Baridi iko inaniua.” Akaita mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara tatu! Kumbe wafu wa Ulaya hawakujua sheria ya tate. Sikungoja mwisho. Nilitoka mbio mpaka nyumbani. Mama alikuwa sokoni, tate alikuwa shambani akichimba viazi. Nikatia komeo.

Mvua ikaanza, ukungu ukafunika migomba. Ndipo sauti nyembamba ikaita nje, “Mama, fungula.”

Nikasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo.

“Mama, fungula. Baridi iko mingi.”

Ilifanana na sauti ya tate. Lakini yule wa redio naye si alikuwa na sauti ya mke wa mtu? Ikaita mara ya tatu, polepole zaidi, na mkojo ukanitiririka miguuni. Kisha ikanyamaza. Nilikaa pale pale, nikihesabu pumzi zangu.

Mama aliporudi alimkuta tate amejikunja ukutani, amelowa chapachapa, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa ameteleza kijitoni na kikapu chake, akatambaa hadi mlangoni.

“Haukusikia tate?” mama aliniuliza kwa ukali.

Nikasema mvua ilikuwa inapiga mabati. Tate akaniangalia.

“Sikuita,” akasema. “Nilikuwa ninapumuzika.”

Kikohozi kilichomwingia siku ile hakikutoka tena. Baadaye vita vilikuja. Jirani alifunga duka, michezo ikaisha, na penye nyumba yetu sasa ni nyasi tupu. Watoto wa leo, mlango ukibishwa, wanaogopa walio hai. Naionea huruma mioyo yao, na naikumbuka hofu yetu ya Jumamosi, iliyokuwa na saa yake ya kuanza na saa yake ya kuisha.

Tate hakuyaona hayo. Siku chache kabla hajafa nilimpelekea uji, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba nilimsikia, mara zote tatu.

“Ninajua,” akasema. “Niliona miguu yako chini ya mulango, iko inatetemeka. Njo maana nikanyamaza, usiogope zaidi.”

Nililia siku ile kuliko siku tuliyomzika.