Nilivyomvua Mado kiatu kimoja: kisa cha mkusanyaji wa bakoko wa plastiki, Bunia

Wakuu, habari za huko mliko.

Nawaandikia kutoka Bunia, Kongo, huku mtaa wa Shari. Kiswahili changu ni cha Ituri, mtakapokwama mtaniuliza. Ninachosimulia ni kweli tupu, na ukweli wenyewe unaniaibisha mimi, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Ugonjwa wangu ni mwingine.

Nakusanya vile vidoli vya zamani vya plastiki vya watu wa kale. Si wanajeshi, si wanyama. Watu wa kale kabisa, wale wa mapangoni, wenye paji nene na mikono mirefu, wengine bado wameinama, wengine wameshajua kusimama. Vilitengenezwa na kiwanda kimoja huko Ulaya kabla mimi sijazaliwa. Kimoja kina urefu wa kidole cha kati. Chini ya miguu kuna namba, kuanzia moja hadi nane.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, nimezoea.

Huku vinafika ndani ya mabalo ya mitumba, siye tunaita tombola. Balo la vitu vya watoto likifunguliwa, chini kabisa yanabaki makombo: magurudumu, vichwa vya midoli, vifuniko. Kuna mama mmoja sokoni ananiwekea makombo hayo kwenye mfuko. Anadhani nina watoto tisa.

Halafu kuna mambo ya aina, na hapo ndipo ugonjwa unapokolea.

Chukua namba mbili, yule mwenye jiwe mkononi. Iko ya kahawia, iko ya kijivu, na iko moja ambayo jiwe limegandana na goti kwa sababu kalibu ya kiwandani ilikuwa na kasoro. Kwa mtu mzima wa akili ni kitu kimoja. Kwa siye wagonjwa ni vitu vitatu, na lazima uwe navyo vyote.

Mke wangu, Mama Dorcas, anawaita bakoko, yaani mababu. Akirudi sokoni, kabla hajanisalimia, anauliza: "Bakoko bamekula?"

Siku moja pasta alikuja kutuombea, akaona rafu nzima ya watu uchi, akauliza ni akina nani hawa. Mama Dorcas akamjibu kwa heshima zote kwamba ni familia ya upande wa bwana wake, pasta aangalie paji tu.

Pasta akaniangalia paji kweli.

Bon, turudi kwenye kisa.

Miaka mitano ya kukusanya ilinifikisha saba. Ilikosekana namba sita tu. Namba sita ni mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, naye ana aina mbili. Ya kawaida, mtoto amelala. Ile ya kwanza, kabla kiwanda hakijabadilisha kalibu, mtoto yuko macho, anachungulia juu ya bega la mama yake. Mtandaoni tuna grupu la wakusanyaji, wengi ni wazee wa Ulaya, na huyo wa kuchungulia wengi wao wamemwona kwenye picha tu. Mimi nilikuwa nishakata tamaa. Ningemshukuru Mungu hata kwa yule aliyelala.

Mwezi uliopita tukapanda pikipiki kwenda Nyankunde kumsalimia bokilo, yaani mama mkwe wangu.

Lazima niwaeleze kitu hapa. Miaka yote bokilo ananipokelea barzani, nje. Ndivyo ilivyo kwao, mkwe anakaa barzani, anakula, anashukuru, anarudi kwake. Maneno hayaendi moja kwa moja, yanapitia kwa mke wangu hata kama tumekaa hatua tatu tu. Na jambo kubwa kuliko yote, mkwe haombi kitu nyumbani kwa bokilo. Hata chumvi huombi. Wewe ulishachukua binti ya watu, bado unataka na nini?

Siku hiyo mvua ikanyesha ya kuingia hadi barzani, na kwa mara ya kwanza nikaingizwa salon, sebuleni kwao.

Wakuu, juu ya kabati la vyombo, kati ya thermos na kalenda ya kanisa, alikuwa amesimama namba sita.

Mtoto anachungulia.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mtu alimpaka rangi nyekundu ya kucha miguu yote miwili, mpaka kwenye vifundo. Nikajiambia hiyo si kitu, rangi ya kucha inatoka.

Nikaanza kuliangalia lile kabati. Nilijaribu kuangalia dirisha, nikajaribu kuangalia mvua, macho yakarudi kabatini. Bokilo akamwambia binti yake kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri sana: "Bwana yako iko naangalia sana kabati. Hajashiba."

Kumbe sufuria ya nyama ilikuwa ndani ya kabati lile lile.

Nikaongezewa. Nikala. Nikaangalia tena, sahani ikarudi tena. Nilikula bugali sahani tatu siku ile, na kila nilipojaribu kukataa bokilo alifurahi zaidi, akaona mkwe wake ana adabu.

Mvua ilipokatika tukatoka barzani, nikamnong'oneza mke wangu kwamba kile kitu juu ya kabati ndicho namba sita yangu. Nilitegemea anitanie mpaka Bunia. Hakunitania. Akasema, "Ile haiko koko," yaani yule si mmoja wa bakoko wangu. Akarudi ndani.

Nikajua nimekataliwa. Tukapanda pikipiki na maembe, maparachichi na mfuko wa maharagi, maana bokilo hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Mimi njia nzima nimenuna kama mtu aliyenyimwa urithi.

Sasa hapa ndipo pa upumbavu wangu.

Jumamosi iliyofuata Mama Dorcas akaenda mazoezi ya kwaya. Alipotoka aliniambia nisiguse ule mfuko wa maharagi, atapika mwenyewe akirudi. Kazini hakukuwa na wateja, nikarudi mapema, nikasema ngoja nimpunguzie mke wangu kazi, nichambue maharagi. Mume mwema kabisa.

Katikati ya maharagi kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge.

Namba sita.

Sikujiuliza amefikaje humo. Sikujiuliza kwa nini amefungwa vizuri vile. Nilichowaza ni ile rangi. Wenzangu wakusanyaji mtanielewa, mkono unawasha. Asetoni sikugusa, maana inakula plastiki ya zamani, huo ujinga nilishaufanya kwa namba nne yangu ya kwanza, na mpaka leo hana pua. Nikachukua alkoli ile ninayosafishia bodi za simu, pamba, na kijiti cha meno. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaanza na mguu wa kushoto. Taratibu. Rangi ikatoka yote, vidole vikaonekana vitano, kimoja kimoja.

Nilikuwa napiga mluzi, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama Dorcas akanikuta nimelowesha pamba ya pili. Hakupiga kelele. Aliweka kitabu cha nyimbo mezani, akakaa, akaniuliza kama nimefuta miguu yote miwili.

Nikamwambia mmoja tu, na kwamba wa pili nitamaliza sasa hivi.

Akaninyang'anya pamba mkononi.

Ndipo akanieleza, na naandika kama alivyonieleza.

Kile kidoli kinaitwa Mado. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao aliwaachia, na ndicho kidoli pekee walichokuwa nacho yeye na dada yake mkubwa, Aline. Kila Jumapili walikuwa wanaenda na Mado kanisani. Aline akasema haiwezekani, huyu mama na mtoto wake mgongoni hawezi kuingia nyumba ya Mungu miguu mitupu. Akaazima rangi ya kucha kwa jirani, akamchorea viatu. Mke wangu alikuwa na miaka sita, yeye ndiye aliyeshika kidoli kisitingishike. Wakampulizia wote wawili mpaka rangi ikakauka.

Mwaka uliofuata Aline akashikwa na homa. Siku nne tu, akafa.

Nguo zake ziligawiwa. Picha zake zilipotea siku za kukimbia vita. Bokilo alikimbia na Mado amemfunga ndani ya kitambaa cha kichwa. Kitu pekee duniani kilichobaki ambacho mkono wa Aline ulikitengeneza ni vile viatu viwili vyekundu.

Na mimi nilikuwa nimetoka kufuta kimoja nikipiga mluzi.

Mke wangu akaniambia na hili. Siku ile ya kwanza nilipoleta namba mbili nyumbani, alijua pale pale kwamba ni ndugu wa Mado. Akanyamaza. Akaanza kuwaita bakoko na kunitania kwa sababu asingetania angelia, na hakutaka nimwulize. Miaka mitano! Mimi nikidhani anadharau vitu vyangu. Na siku ile aliporudi ndani kule Nyankunde, alienda kumwomba mama yake, kwa kuwa mimi siwezi kuomba. Bokilo akamtoa. Alisema mtu anayetunza hawa watu wadogo vizuri hivyo, Mado hatapotea kwake. Mama Dorcas alitaka anipe mwenyewe Jumamosi ile baada ya kula, anisimulie habari za dada yake, ambazo hajawahi kunisimulia.

Wakuu, nililia. Mtu mzima mimi, na kitabu cha nyimbo mbele yangu.

Jumatatu nikarudi nyumbani na chupa tatu za rangi ya kucha, nyekundu za aina tatu, nikazilinganisha na mguu wa kulia mpaka nikapata inayofanana kabisa. Mkono wangu hautetemeki, kazi ya simu imenifundisha. Nikamwambia nitamrudishia kiatu, hata bokilo hatajua.

Akaniwekea mkono juu ya chupa.

"Wacha, Baba Dorcas. Mguu ya kiatu ni mukono ya Aline. Ule mutupu ni mukono yako. Mubakie pale bote."

Basi, chupa zile alizitumia yeye na binti yetu Dorcas.

Kuhusu bokilo, nilikataa kumficha. Nikatuma ujumbe kwa njia inayotakiwa, yaani kupitia binti yake, pamoja na jogoo wa kuomba msamaha. Jogoo amepokelewa. Jibu limerudi kwa njia ile ile: nikienda tena Nyankunde, mvua inyeshe isinyeshe, nitapokelewa barzani.

Picha ya Mado niliiweka kule kwenye grupu. Wazee wa Ulaya walikaribia kuzimia. Mmoja akaniandikia kwa upole kwamba nimefanya kazi safi sana mguu wa kushoto, nimalizie na wa kulia, atakuwa kamili. Nikamjibu kwamba huyu haingii kwenye seti. Kwa hiyo seti yangu bado ni saba, na bado natafuta namba sita. Hata yule wa kulala nitamchukua.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukipata kitu cha zamani, kabla hujalowesha pamba, uliza kwanza ile rangi aliipaka nani. Na ukiona mtu anakutania kila siku juu ya jambo moja, siku moja mkalishe chini umwulize vizuri.

Wakusanyaji wenzangu, wa stempu, wa saa, wa redio za mbao, najua mmo humu. Nani mwingine alishasafisha kitu mpaka akakiharibu? Na ninyi mliooa, mkwe wenu anawapokelea wapi? Semeni, msiniache na aibu peke yangu.

Naandika haya nimekaa karibu na rafu. Mama Dorcas amepita nyuma yangu, ameuliza kama bakoko bamekula.

Nimemjibu wote wamekula, isipokuwa Mado. Mado anamgoja mtu wake, yule aliyemshika siku ya viatu.

Mama Dorcas amevuta kiti, amekaa karibu na Mado.