Mwiba wa Ngege Kando ya Nyamukau

Chwaaa! Ni sauti ya samaki mbichi akiingia kwenye mafuta ya moto. Tuliisikia kabla ya kuona chochote, mimi na yaya wangu, dada yangu mkubwa, tukiwa tumesimama juu ya kidaraja cha miti. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nikasahau kidogo kwamba tulikuwa tunaogopa.

Mimi ni mtu wa Bule, kule juu kwenye baridi na mashamba ya maharagwe. Nilishuka Bunia kwa siku chache tu kumwona yaya, aliyeolewa mtaa wa Nyakasanza, maana alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Vita ikafunga barabara nyuma yangu. Mji ukaingia mikononi mwa watu wenye bunduki, na watu hao walikuwa wanatafuta watu wa upande wetu. Yaya alikuwa ameishi mjini miaka mingi, kinywa chake kilishakuwa cha mji. Changu bado. Nikisema tu jambo, Bule yote inatoka nje.

Sasa, mtu anayeogopa hivyo anatoka nyumbani kutafuta samaki kwa nini? Kosa ni la ndoto zangu. Kwetu samaki wa Tchomia, kule ziwani, alifika akiwa mkavu, mweusi kwa moshi, mgumu kama kuni. Mama alimchemsha na sombe, majani ya muhogo, mpaka miiba yake ikawa laini, tukaimeza bila kufikiri. Mimi tangu utoto niliota kukaa kando ya maji, kwenye meza yenye kitambaa, niletewe samaki mzima na macho yake. Wakati wote tuliofungiwa ndani nilimwimbia yaya ndoto hiyo. Asubuhi moja jirani akasema barabara ya Tchomia imefunguka, samaki mbichi wameingia, mji umetulia. Yaya akanitazama, akampa mamamkwe wake mtoto.

“Tunaenda,” akasema. “Lakini leo weye ni bubu. Mutu akikuuliza kitu, cheka tu. Ukifungua kinywa, tunakufa siye wawili.”

“Hata kuomba pilipili?”

“Hata pilipili.”

Mahali pa kwanza tulikuta makayabo tu, samaki wakavu wa chumvi. Pa pili ukuta ulikuwa na matundu ya risasi, na mwenyewe akatuambia samaki ni kesho. Yaya akaanza kutembea haraka, akitazama nyuma. Nilijua anataka kurudi. Ndipo tukafika kwenye kidaraja, na chwaaa!

Palikuwa na malewa, kibanda cha chakula cha nguzo nne na hema la plastiki, kando kabisa ya mto Nyamukau. Kitambaa hakikuwepo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, lakini yalipita karibu na miguu yangu, na mimi kwangu lile lilikuwa ziwa zima.

“Karibuni, batoto,” akasema mama mwenye malewa, mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani. “Ngege ya leo. Jana alikuwa angali anaoga.”

Nikacheka, kama nilivyoagizwa.

“Huyu mudogo anacheka sana.”

“Ndiyo mama, iko na furaha,” akajibu yaya, uso wake mkavu.

Ngege akaja, yule samaki mpana wa ziwani, na ndimu, na bugali ya moto. Nilikuwa nimeanza tu kula wakati askari wawili walipoinama chini ya hema na kukaa meza ya karibu. Mmoja aliweka bunduki juu ya meza kama mtu anayeweka kofia, mama mwenye malewa akawapa ngege wao, wakaanza kula. Yaya aliacha kutafuna. Mimi nikaogopa, na kwa woga nikala haraka, nikala kama ninavyokula nyumbani, nyama na miiba pamoja.

Mwiba ukasimama kooni.

“Weye, mudogo,” akasema yule mwenye bunduki. “Unatoka wapi?”

Nilishindwa hata kucheka. Machozi yakatoka. Yaya akasema, “Afande, ni mudogo wangu, wa hapa Nyakasanza.”

“Sikuuliza weye. Yeye hana kinywa?”

“Ni mwiba, afande!” mama akapaza sauti kutoka jikoni. “Hauoni macho yake?”

Askari akasogeza kiti. Akanishika kidevu kwa vidole vyenye mafuta ya samaki na harufu ya chuma. “Fungua. Sema aaa.”

“Aaa,” nikasema.

Aaa ya Bule na aaa ya Bunia ni moja. Hakusikia kitu. Akafinyanga bonge la bugali, akanitia kinywani mwenyewe. “Meza. Usitafune.”

Nikameza. Mwiba ukashuka. Niliusikia ukienda zake, koo likafunguka wazi, na hapo ndipo woga ulinishika kweli, maana sasa nilikuwa na sauti.

“Aya. Imeisha? Jibu basi, unatoka wapi?”

Nikashika koo kwa mikono miwili. Nikatikisa kichwa. Nikajifanya ninakabwa. Mama akaja na sahani ya bugali, akanitazama machoni, na nikajua kwamba amejua.

“Ingali pale,” akasema. “Ngege ni mubaya sana. Muongeze, afande.”

Akaniongeza. Nikameza. Akaniongeza tena. Tumbo liliuma, yaya alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi, na mama aliendelea kusema ingali, ingali, kwa sauti ya mtu anayepika tu. Mwishowe gari likapiga honi barabarani. Askari akafuta vidole kwenye suruali yake.

“Mutoto wa Bunia kushindwa na ngege!” akamwambia mwenzake, wakaondoka wakicheka.

Gari likaenda mpaka likakwisha kusikika. Yaya akaachia ukingo wa meza. Mama akaanza kukusanya sahani, moja ikamponyoka ikaanguka. Akakaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa kile kitambaa chekundu.

Nikachukua beseni. Nikaweka sahani zetu, nikaweka na zile za askari. Sahani ya yule aliyenilisha ilikuwa na miiba aliyoipanga pembeni vizuri, mmoja mmoja, kama mtu aliyefundishwa na mama yake. Nikashuka peke yangu mpaka majini, nikachuchumaa, nikaziosha zote kwa mchanga.